Mkono Mmoja Unang'aa

Nyie mnaomenya viazi, menyeni huku mnasikiliza, masikio hayashiki kisu. Na nyie mliokaa kule kwenye magunia, sogeeni, maana nikipaza sauti mbuzi wote wa Tlawi watadhani nawaita kwenye chumvi. Kesho tunabatiza, leo tuna kazi, na kazi bila maneno inachosha mgongo. Nataka niwaambie habari za Mama Vipodozi.

Jina lake silitaji. Hata yeye mwenyewe alikuwa halitumii, ukimwita kwa jina la ubatizo alikuwa anageuka kuangalia nani kaingia. Kazaliwa wapi, ukoo gani, baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimjua kutokea barazani kwake, pale Mbulu mjini ukitoka stendi, nilikosuka nywele za watu miaka kumi na saba nikiwa nimekalia ndoo moja tu. Ile ndoo ilishika umbo langu. Ukiikuta leo mahali popote utasema hii ni ya fulani, na mimi nitaona aibu. Shule sikusoma, mnajua, lakini ukikaa nyuma ya vichwa vya watu miaka hiyo yote unasikia mambo ambayo hata padri hajaambiwa.

Sasa maduka ya vipodozi yalikuwa matano pale mjini. Yote matano yalikuwa na losheni zile zile, kutoka Arusha, kwenye maboksi yale yale, zimeshushwa kwenye basi moja. Rasta zile zile, hereni zile zile, rangi za kucha zile zile. Lakini watu walikuwa wanayapita yale manne kama wanavyopita mbwa amelala, wanakuja kwake. Siku ya mnada mstari ulianzia kwenye kaunta, ukapita kwa wauza mitumba, ukazunguka kanisa, na mtu wa mwisho alikuwa bado yuko Endagikot. Nilimwona mwenyewe huyo wa mwisho. Alikuja na chakula cha mchana.

Mnajua alifanyaje? Alikuwa anakushika mkono. Ukiingia tu, hata hujasema unataka nini, hata kama umeingia kuuliza choo kiko wapi, anakushika mkono wa kushoto, anautazama kama mtoto mchanga, anakupaka mafuta polepole mpaka kwenye kiwiko. Mkono mmoja tu. Wa kulia anauacha. Halafu anasema, "Haya, nenda kanunue mahitaji yako." Hakuuzii kitu. Unatoka pale mkono mmoja unang'aa, mwingine umepauka kama umetoka kuchimba chokaa. Unapanda gari, unaitazama mikono. Unafika nyumbani, unakoroga ugali, mikono yote miwili iko mbele yako juu ya sufuria. Mnada unaofuata wewe wa kwanza mlangoni.

Kile kioo chake nacho. Wengine waliweka kioo mlangoni, ukiingia tu unakutana na uso wako ulivyo, umetoka kwenye vumbi, unageuka unaondoka. Yeye alikiweka mwisho kabisa wa duka, kirefu, unajiona mpaka viatu, na juu yake taa ya njano. Mpaka ufike kwenye kioo umeshapita mawigi, umeshapita pafyumu, umeshapakwa mkono, umeitwa mrembo wangu mara nne. Hapo ukijitazama unamwona mtu mwingine. Nilishuhudia bibi mmoja asiye na jino hata moja akijitazama pale akasema shikamoo.

Na alikuwa na usemi wake. Mimi nilimuuliza siku moja, Mama, watu wanafuata nini hapa, losheni si ziko kila mahali? Akasema, "Hawaji kununua mafuta. Wanakuja kutazamwa." Akaendelea kupanga vichana. Yeye maneno yake yalikuwa machache kama meno ya yule bibi.

Lakini vyote hivyo, mkono, kioo, taa, ni vidogo. Kilicholeta watu ni ngozi yake mwenyewe. Mtu wa miaka sitini na kitu, nyeusi, laini, inang'aa kama haragwe linapotoka kwenye ganda. Nzi akitua anateleza anaanguka, anakaa chini anajiuliza kimempata nini. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ule upepo unaopasua visigino mpaka unaweza kupanda mahindi humo ndani ukavuna. Sisi wote tunatoka kama magome ya miti. Yeye anatoka hivyo hivyo, haragwe.

Basi kila mwanamke aliyefika kwenye kaunta aliuliza neno moja. "Mama, wewe unapaka nini?"

Naye anagonga kwa kidole chupa iliyo karibu. "Hii hii, mrembo wangu."

Siku moja nilimsikia akiwajibu wanawake sita, chupa sita tofauti. Nikachungulia dirishani nikamwambia, "Mama, kumbe wewe unapaka duka zima?"

Akasema, "Suka."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwangu miaka kumi na saba. Mama, umewahi kuolewa? Suka. Mama, mbona umelia? Suka. Nikiwa na njaa, nikiwa na msiba, suka. Lakini siku ile mume wangu alipofariki, alifunga duka katikati ya mnada, watu wamejaa, akaja Tlawi na boksi zima la mafuta, akawapaka watoto wangu miguu mmoja mmoja, hakusema pole hata mara moja, akaondoka. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Mimi nilijaribu baadaye, nikashindwa.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Msichana akiingia na sare ya shule anataka kitu cha kung'arisha uso, anafukuzwa. "Rudi darasani, uso wako haujaomba chochote." Kanisani anakaa benchi la mbele, anaimba sauti ya pili. Lakini chini ya kaunta, nyuma ya magazeti, kulikuwa na vikopo vyeupe visivyo na maandishi, vya mkorogo, ule wa kuchubua. Waliojua walikuwa wanauliza kwa macho. Alikuwa anavifunga kwenye gazeti kama nyama, na kila akiuza kimoja alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, mpaka viwiko. Nilidhani ni usafi.

Kitu kingine. Alikuwa anajipuliza pafyumu mpaka nyuki wa Hanang wanashuka mlimani. Lakini ukimkaribia sana, kama mimi nilivyomsuka kila Jumamosi, chini ya ile pafyumu kulikuwa na harufu nyingine ndogo. Ya moshi. Kama jikoni kwa bibi yako. Mimi nikasema huyu anapikia kuni kama sisi wote, tatizo liko wapi.

Na siku za mnada alikuwa anakuja bibi mmoja wa Kidatoga kutoka Yaeda Chini, mfugaji, ana zile alama za kuzunguka macho, bangili za shaba mpaka kiwikoni, vazi la ngozi, na kibuyu mgongoni. Bibi wa Kibuyu, tulimwita hivyo. Huyu hakupita mlango wa mbele hata siku moja. Alizunguka uani. Wanawake kwenye mstari wakimwona wanaziba pua. "Jamani hawa watu, samli mpaka kwenye kope." Na Mama Vipodozi anacheka nao. Nilimwona. Kile kicheko cha meno ya mbele tu. Mtu akiuliza huyo anafuata nini, anasema, "Ananiletea maziwa."

Halafu anaenda nyuma, anafunga mlango. Siku moja nilienda kuchota maji ya kulowekea rasta, nikachungulia kwenye upenyo. Bibi wa Kibuyu amekalia kiti cha Mama Vipodozi, yeye mwenyewe yuko chini kwenye sakafu amekunja miguu, wanacheka kama wasichana wanaochunga ndama. Nikasema moyoni, huyu mama na maziwa wanapendana.

Mara moja tu alinifungulia mdomo. Kulikuwa na mvua, hakuna wateja, mimi nimekalia ndoo. Akasema, kama anayeongea na mvua, "Mimi nilipokuja mjini kufanya kazi za ndani, walinikalisha mlangoni wakati wa kula. Walisema nanuka zizi." Nikamuuliza, ukafanyaje? Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Suka," akasema, na hapakuwa na kichwa cha kusuka.

Sasa punguzeni kelele za visu. Hapa pana mtu wangu.

Mnamjua Paskalina, mtoto wa dada yangu, yule pale kwenye sufuria kubwa mwenye mtoto mgongoni, huyo tunayembatiza kesho. Msimgeukie wote pamoja, ataunguza vitunguu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niwasimulie, anasema amechoka kuulizwa na kila mtu peke yake. Paskalina alipokuwa mdogo alikuwa anapakwa samli na mama yake kama sisi wote, kibuyu kinaning'inia juu ya mafiga, unachovya kidole unampaka mtoto, mtoto anang'aa, anakwenda zake. Alipoanza kwenda mjini akaacha. Akasema inanuka. Hakuna aliyemshangaa. Wasichana wote waliacha.

Akachumbiwa na kijana wa Babati. Mahari ikatolewa, tarehe ikatangazwa kanisani. Zikiwa zimebaki wiki nne akaja dukani na mimi niko barazani nasuka kichwa cha mwalimu. Akaingia, akapakwa mkono, akafika kwenye kaunta.

"Shikamoo Mama. Nataka unayopaka wewe."

"Marahaba, mrembo wangu. Hii hii," akagonga chupa.

"Hapana. Hiyo ulimpa mama yangu. Mama yangu bado kama kuni."

Watu kwenye mstari wakacheka. Mama Vipodozi naye akacheka meno ya mbele. Akasema, "Wewe uso wako mzuri. Chukua mafuta ya mgando, yanakutosha."

Paskalina, ambaye ulimi wake aliutoa kwangu, akageukia mstari akasema, "Mnaona? Ananinyima. Hataki tufanane."

Wakacheka tena, na mmoja akasema, ni kweli, miaka yote anatupa makapi, mazuri anajipaka mwenyewe. Mwingine akasema ndiyo maana. Mstari ukaanza kunung'unika. Nilimwona Mama Vipodozi akitazama ule mstari, kutoka kwa wa kwanza mpaka kwa yule wa Endagikot. Akainama. Akatoa kikopo cheupe.

"Ndiyo hii ninayopaka," akasema. "Jioni tu. Jua lisikuguse."

Jua lisikuguse. Mtu wa Tlawi, mwezi wa palizi. Huyo ni kama kumwambia samaki maji yasikuguse.

Sitaki kuwaeleza sana. Wiki ya kwanza uso uling'aa, tukapiga vigelegele. Wiki ya pili ukawa mwekundu. Siku moja alipalilia maharage na mama yake tangu asubuhi mpaka saa nane, na jioni alipovua kitambaa ngozi ya shavu ikabaki kwenye kitambaa. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, mnanijua, nyoka wa ukubwa wa kidole nikimsimulia mimi anavuka barabara kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hapa sijaongeza. Ilibaki kwenye kitambaa. Alipiga ukelele mmoja. Nesi wa zahanati akasema aache kila kitu, akampa dawa ya kupaka, akasema tusubiri. Tukasubiri. Ikapona, ikaacha mabaka, meusi na mekundu, kama ramani.

Alipoweza kusimama akaenda dukani. Nilikuwepo. Watu wakampisha. Hakugombana. Alifunua kitenge, akasimama kwenye kaunta, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, ile uliyonipa, ni ile ile unayopaka wewe?"

"Ni ile ile, mwanangu."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nitazame mimi. Ni ile ile. Damu zinatofautiana tu. Damu yako haikuipokea."

Paskalina akafunika kitenge. Akasema, "Asante, Mama. Nilitaka kujua tu." Akaondoka.

Siku mbili baadaye walikuja shangazi zake yule kijana wa Babati, wawili, wamevaa kama wanaenda mahakamani. Nao wakauliza lile lile. Nao wakajibiwa lile lile. "Mimi naipaka miaka yote, nitazameni. Ni damu ya binti." Wale shangazi walitazamana. Mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ndogo, mimi niko hatua mbili, nasikia, "Damu. Sasa watoto watatokaje?"

Harusi ikafia hapo. Hawakusema imekufa, walisema imeahirishwa. Ng'ombe wakarudishwa mmoja mmoja, kimya kimya.

Na mimi? Mimi nilikuwa kwenye ndoo. Nikasuka. Niliamini, nyie, naapa niliamini, kwa sababu ngozi yake ilikuwa pale mbele yangu inang'aa, na macho yakiona kitu kichwa kinaweka silaha chini. Lakini hata kama nisingeamini, ningeenda kusukia wapi? Baraza lilikuwa lake. Hiyo nayo niiseme, kesho kuna ubatizo.

Baada ya hapo vikopo vyeupe havikuonekana tena chini ya kaunta. Hakusema aliviweka wapi. Lakini choo cha uani kiliziba, fundi alipozibua akatoa vikopo, akatoa tena, akatoa mpaka akaenda kunywa chai akarudi akaendelea kutoa. Na kila mwezi alikuwa ananipa kifurushi, "Mpelekee binti." Losheni nzuri, za bei kubwa, za kulainisha. Paskalina anapokea, anasema asante, anaenda kuwapaka nguruwe. Nguruwe wa dada yangu walikuwa wanang'aa mpaka mnunuzi wa Babati alipokuja akasema hawa mbona wana nyuso nzuri kuliko mke wangu.

Tulicheka sana siku hiyo. Paskalina hakucheka. Alikuwa ameacha kwenda kisimani watu wakiwepo. Kanisani alikuwa anafika baada ya injili na kuondoka kabla ya baraka, amekaa nyuma ya nguzo. Miaka sita. Lakini lililoniumiza siyo mabaka, mabaka yanazoeleka, mimi mwenyewe uso huu mmeuzoea. Kulikuwa na seremala wa Endagikot, huyo anayepakua kuni pale nje, alimpenda hivyo hivyo na ramani yake. Alikuja kuposa. Paskalina akakataa. Akaja tena, akakataa. Mara ya tatu nikamvuta pembeni.

"Wewe mtoto, huyu ana kasoro gani?"

"Yeye hana. Mimi ninayo."

"Mabaka haya?"

"Siyo mabaka, mamdogo. Damu. Mafuta yale yale mwenzangu yanampendeza, mimi yananichuna. Sasa nizae mtoto nimtie damu hii? Atoke anachunika?"

Miaka sita yule mtoto alitembea akiamini ameoza ndani. Alikuwa hata akijikata na kisu jikoni anaiangalia ile damu, anaiangalia, halafu anaifutia mbali na chakula.

Basi mwaka jana Mama Vipodozi akaanguka. Miguu ikavimba, moyo ukachoka, hospitali wakamrudisha nyumbani kwake Endagikot. Duka likafungwa. Yale manne mengine yakapata wateja kwa mara ya kwanza, wenye maduka wakawa hawajui hata wawafanye nini, wanawakimbia. Mvua nazo zilikuwa kubwa kipindi kile, njia ya kutoka Yaeda Chini ilikatika, magari hayapandi, watu hawapandi, mnada ulikaa wiki tatu bila ng'ombe wa bondeni.

Paskalina akaja kwangu asubuhi.

"Mamdogo, nasikia Mama Vipodozi anakwisha."

"Anakwisha."

"Twende."

"Kufanya nini?"

"Kuna kitu nataka nimuulize."

"Si ulishamuuliza?"

"Nilimuuliza akiwa na duka. Nataka nimuulize akiwa hana."

Tukaenda. Jirani anayemwangalia alikuwa ameenda kisimani, mlango uko wazi, mvua imekatika, jua linaingia mpaka kitandani. Na mimi nikasimama mlangoni. Nilitegemea kumwona amekonda, na alikuwa amekonda, mtu mzima amebaki kama kanga aliyenyonyolewa. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni ngozi. Ilikuwa imepauka. Miguu ina magamba, imepasuka kama yetu, kama shamba la mwezi wa kumi. Kwa miaka kumi na saba sijawahi kuona kitu kama hicho. Na pembeni ya kitanda, kwenye stuli, wateja wake wa zamani walikuwa wamemletea chupa za losheni, kumi, kumi na mbili. Zote zimefungwa. Hata moja haijafunguliwa kifuniko.

"Shikamoo Mama," Paskalina akasema.

Alifungua macho. Akamtambua. Mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukamshika Paskalina mkono wa kushoto, ukaanza kuusugua polepole kuelekea kiwiko, mkavu, bila mafuta. Mazoea.

"Mama, nina swali moja, halafu nakuacha upumzike. Kile kikopo. Ndiyo ulichokuwa unapaka wewe?"

Nilisikia mwenyewe maji yakidondoka kutoka kwenye bati nje. Midomo ya Mama Vipodozi ilifunguka, ikafumba, ikafunguka.

"Ile ile," akasema.

Paskalina akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa matokeo ambayo alishayajua. Halafu mjue huyu mtoto ni wa namna gani. Hakuondoka. Alitazama ile miguu iliyopasuka, akavuta stuli, akachagua chupa nzuri kuliko zote, akafungua, akamimina mkononi. Akasema, "Ngoja nikupake miguu, Mama. Imekauka." Akaanza kumpaka, uso wake na mabaka yake ameuinamisha pale kwenye magoti ya yule mama, na Mama Vipodozi akageuzia uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika.

Ndipo mlango ukatiwa giza. Bibi wa Kibuyu. Matope mpaka magotini, amepanda kwa miguu kutoka Yaeda Chini, siku mbili, fimbo mkononi. Na mara hii aliingia kwa mlango wa mbele, hapakuwa na mtu wa kumficha. Hakusalimia. Akashusha kibuyu, akazibua, na kile chumba kikajaa ile harufu yangu ya Jumamosi, ile ya moshi, ya chini ya pafyumu. Akachovya vidole viwili, vikatoka na samli ya njano mpaka kwenye kifundo. Akamsogeza Paskalina kwa kiwiko kama unavyosogeza ndama kwenye chombo cha maziwa, akaitazama ile chupa mkononi mwake, akasema:

"Wewe binti, futa hiyo haraka. Huyu tangu usichana wake ananiambia, hiyo si ya kupaka, hiyo ni ya kuuza."